Kiti cha Istahil

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimetimiza wiki tatu hapa Garsen, na nimegundua kwamba tangu Ijumaa sijazungumza na mtu jambo lolote lisilohusu gari. Ndiyo sababu nimenunua daftari hili.

Gereji ya mzee Gure iko kando ya barabara, na meza yangu iko dirishani, ndani ya duka la vipuri. Dereva akileta gari, naandika kadi ya kazi. Fundi akimaliza, naenda kulitazama gari, kisha natia sahihi chini ya neno “Limekaguliwa” na kugonga muhuri. Hivyo ndivyo mzee Gure alivyonieleza. Lakini desturi ya uwanjani ni nyingine. Dado, fundi mkuu, hupaza sauti, “Tayari!” na karani hugonga muhuri bila kuinuka kitini. Siku ya kwanza niliinuka. Dado akaniuliza mbele ya madereva, “Unakuja wapi, karani? Kalamu imepotea huku?” Wakacheka wote. Sijainuka tena.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Magari mawili tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Dado amerudisha kadi yangu. Lori lilikuwa na matatizo manne, nami nilikuwa nimeyaeleza yote kwa ukamilifu, mbele na nyuma ya karatasi. Ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachonuka.

“Bwana kalamu, hii ni kadi ama kesi ya shamba?”

“Ni maelezo, fundi.”

“Mimi nasoma gari. Maelezo msomee mama yako Kipini. Mistari mitatu. Ikizidi mitatu, naweka chini ya jagi la chai.”

Nimeiandika upya kwa mistari mitatu. Mzee Gure alisikia yote akaendelea kuhesabu plagi. Mwenye nyumba wangu, Mama Lydia, ameniambia kwamba karani aliyenitangulia aligombana na Dado, na mzee akamwambia aende kwao. Dado ana miaka kumi na minane hapa. Mimi nina siku ishirini na tano.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilitaka kwenda Kipini kumwona mama. Barabara ya upande wa Lamu imefunikwa na maji. Dada yangu Nana amepiga simu. “Sauti yako yaenda chini, Farid. Una nani huko?” Nikamwambia nina watu wengi.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo amekuja mama mmoja mwenye duka la nguo karibu na soko, anaitwa Kafia. Anaendesha gari mwenyewe. Mumewe, Abdiwahid, yuko na mifugo Nanighi na mafuriko yamemzuia huko. Kwenye buti alikuwa na boksi kubwa kuliko meza yangu. Ndani yake mlikuwa na kiti cha gari cha mtoto, kilichotumwa na dada yake anayeishi Marekani.

Bintiye anaitwa Istahil, ana miaka mitatu na nusu. Alichelewa kulia siku aliyozaliwa, na mpaka leo mgongo na shingo havijakaza. Kila wiki mbili, siku ya Alhamisi, anapelekwa Malindi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Zamani binamu yao, Nuriya, alikuwa akimpakata njia nzima. Nuriya ameolewa mwezi uliopita. Sasa Kafia yuko peke yake mbele na mtoto peke yake nyuma.

“Wanasema wewe ndiye umesoma,” akaniambia, akaweka kijitabu cha kile kiti mezani. “Nisomee, ndugu yangu. Nisije nikamfunga mtoto vibaya.”

Nimemsomea kurasa zote kumi na nne. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo tangu nimalize chuo. Kiti kinashikwa mahali pawili. Chini kinabanwa na mkanda wa gari wenyewe. Juu kina mkanda mwingine, wenye kulabu, unaopita nyuma ya kiti cha abiria na kufungwa kwenye kishikizo cha chuma kilichokazwa katika mwili wa gari. Huo wa juu ndio unaozuia kiti kisipinduke mbele gari likifunga breki. Bila huo, kichwa cha mtoto hurushwa mbele, na kwa mtoto kama Istahil ninaogopa hata kuandika kinachofuata. Gari la Kafia halionyeshi kishikizo chochote. Amelileta ili kiwekwe.

Istahil alikuwa amekaa juu ya boksi, ameegemea ukuta, akinitazama. Nilipofunga kijitabu akasema, “Tena.” Nikamsomea tena ukurasa wa kwanza.

Jumatano, 24 Aprili

Gari la Kafia limetengenezwa. Nilianza kuandika kadi nikafika mstari wa saba. Nikamkumbuka Dado. Nikaandika mitatu: kiti cha mtoto kifungwe nyuma, mkanda wa chini ukazwe, mkanda wa juu upate kishikizo. Nimetoa kopi ya kijitabu, nikaiweka kwenye droo yangu.

Baada ya swala ya adhuhuri, Dado alipaza sauti, “Tayari!” Nikatia sahihi.

Ijumaa, 26 Aprili

Kafia alipitia dirishani jana jioni wakitoka Malindi. Istahil alilala njia nzima, shingo haikuinama. Mtaalamu amesema ameanza kukaa bila kushikwa, na wiki hii ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kafia ameniletea halwa. “Mungu akujaze kheri, Farid.” Hapa Garsen wengine wananiita karani. Yeye amenishika jina.

Jumatatu, 29 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ameingia Wako, mchuuzi wa mbuzi anayewapeleka kwenye soko la Malindi kila wiki. Buti la gari lake lilikuwa limeharibika, naye akasimama dirishani kwangu akisimulia huku akicheka.

“Andika, karani. Mbuzi watano na beberu mmoja. Nimewafunga kwa ndoano. Ng’ombe akakatiza barabara, nikapiga breki. Wallahi beberu amekuja kukaa na mimi mbele! Karibu ashike usukani!”

“Kamba ilikatika?”

“Kamba ni nzima. Ndoano ndiyo imetoka na bati lake.”

Nimeinuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nimeingia uwanjani, nikatazama ndani ya buti. Magari mengi ya hapa yana ndoano hizi sakafuni. Gereji ndiyo inayoziweka, kwa ajili ya kufungia mbuzi na mitungi ya maji. Ni kipande cha nondo kilichokunjwa, kikashikwa na skrubu nne kwenye bati jembamba la sakafu. Skrubu zilikuwa zimechomoka, na bati limepasuka kama karatasi.

Nikamwuliza Dado, polepole, “Fundi, kiti cha yule mtoto wa Kafia, mkanda wa juu uliufunga wapi?”

“Kwa ndoano.”

“Ndoano kama hii?”

“Mimi mwenyewe niliiweka mwaka jana. Inabeba beberu wa kilo hamsini. Mtoto ana kilo ngapi?”

“Lakini huyu beberu ameing’oa.”

“Wako amezoea kujaza. Mwenye gari amelalamika?”

“Hapana.”

“Basi.”

Nikarudi mezani. Nikafungua droo. Ukurasa wa tisa wa kijitabu una picha ya ndoano ya mizigo, imepigwa mstari mwekundu: mkanda wa mtoto usifungwe hapa kamwe. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huu. Nilimsomea Kafia kwa sauti, naye akaitikia, lakini yeye hajui kilicho chini ya zulia la buti lake. Aliyepaswa kuusoma ni Dado, na mimi nikauacha kwa sababu ungekuwa mstari wa nne. Na sahihi ni yangu.

Jumanne, 30 Aprili

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mzee Gure. Alikuwa akizungumza kwa simu. Nikarudi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua ya siku tatu. Watu wa kijiji cha Hewani wamehamia sehemu za juu pamoja na kuku na magodoro. Nimejifunza maneno ya kumwambia mzee: “Kuna jambo dogo la kukagua tena.” Nayasema nikiwa njiani, nikiwa naoga. Nikimwona, yanaondoka.

Jumanne, 7 Mei

Kafia amepiga simu. Alhamisi ni siku ya Malindi. “Wewe unaonana na madereva wote. Kule kunapitika?”

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, lete gari kwanza. Angeuliza kwa nini, na hiyo kwa nini ingefika kwa mzee, na kwa Dado, na kwenye sahihi yangu. Dereva wa lori la saruji alikuwa ametoka Malindi asubuhi ile ile, akaniambia maji yamepungua tangu jana, gari dogo linapita.

Nikasema, “Kumejaa maji, dada. Msiende.”

“Alhamdulillahi nimekuuliza,” akasema.

Nilipokata simu nilijiambia kwamba nimemwokoa mtoto. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatano, 8 Mei

Mvua kidogo.

Jumatatu, 13 Mei

Amepiga tena. Wamepewa nafasi nyingine Alhamisi hii. Nimesema maji bado. Hakukata simu. Ameniuliza ninakula nini, nani ananipikia, kama mama yangu yuko salama na mafuriko ya huko. Tumezungumza mpaka mteja akagonga dirisha. Istahil alipewa simu akahema tu masikioni mwangu.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: nilifurahi. Nimemdanganya mtu na baada yake nikafurahi kwamba ana sauti nzuri na kwamba anataka kujua nimekula nini.

Ijumaa, 17 Mei

Jua kali. Matope yameanza kupasuka.

Jumatatu, 20 Mei

Kafia: “Na sasa?”

Mimi: “Bado, dada. Wanasema sehemu moja imekatika.”

Akasema Istahil ameanza tena kulalia upande wa kushoto. Kikombe anakiangusha. Anamnyoosha mwenyewe asubuhi na jioni kama alivyoonyeshwa, lakini hajui kama anafanya sawa. “Basi tumwombe Mungu akaushe,” akasema.

Nje ya dirisha langu vumbi lilikuwa likiruka.

Alhamisi, 23 Mei

Sijala leo. Dado ameleta chai mezani kwangu. Sikuelewa ni dhihaka au ni nini. Nimeiacha ikapoa.

Jumapili, 26 Mei

Saa kumi jioni Kafia alikuja hadi nyumbani kwa Mama Lydia. Nilitoka nikamkuta amesimama kwenye geti.

“Farid, madereva wako wanakudanganya,” akasema. “Wako amenunua shuka kwangu leo. Anasema amekwenda Malindi kila wiki tangu mwezi uanze. Kukavu. Anakushangaa.”

Alikuwa akicheka. Hakunishuku hata kidogo. Alikuwa na huruma, kama kwamba mimi ndiye niliyeonewa.

“Nimepiga simu, wamekubali nimlete kesho,” akasema. “Naondoka asubuhi mapema.”

Nikasema, “Sawa.” Ndilo neno pekee lililotoka. Akaenda zake. Mama Lydia, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akaniuliza, “Unaumwa, mwanangu?” Nikasema hapana.

Jumatatu, 27 Mei

Niliswali alfajiri nikatoka msikitini mbio, kopi ya kijitabu mkononi. Gari lilikuwa limewashwa nje ya nyumba yao. Istahil alikuwa tayari kwenye kiti chake, mikanda kifuani, amevaa gauni jipya. Kafia alikuwa akifunga mlango wa nyumba.

“Dada Kafia, usiondoke.”

Akageuka. “Maji tena?” Bado alikuwa akitabasamu.

“Hakuna maji.”

“Basi nini?”

Nikamwambia. Nilidhani ningeanza kwa kujieleza, lakini maneno yalitoka kwa mpangilio mbaya: beberu wa Wako kwanza, kisha ndoano, kisha sahihi, mistari mitatu mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza alizima gari, akafungua buti, akatupa zulia pembeni. Mkanda wa kiti ulikuwa umenyooka mpaka sakafuni, umeshikwa na kile kipande cha nondo. Akakanyaga ukingo wa buti kwa mguu mmoja, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akavuta. Yeye si mwanamke mkubwa. Mara ya tatu skrubu mbili zilitoka na bati likainuka.

Alisimama akiitazama ile ndoano.

“Tarehe ishirini na tano Aprili,” akasema, “nilimbeba mtoto wangu hapa. Kwenda na kurudi.”

“Sikujua siku hiyo.”

“Ulijua lini?”

“Tarehe ishirini na tisa.”

“Na tarehe tisa, maji yalikuwapo?”

“Hapana.”

“Kumi na sita?”

“Hapana.”

“Na juzi, ishirini na tatu?”

Nikatikisa kichwa.

“Mimi nikakuombea dua,” akasema. Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. “Farid, ungeniambia kiti kibovu, ningemtafuta mtu wa kumpakata. Ningepanda basi. Ningelala Malindi mwezi mzima kwa shangazi yangu. Njia zilikuwa nyingi. Wewe ukazifunga zote, ukaniachia moja, kukaa nyumbani nikitazama mawingu.”

“Niliogopa.”

“Ulimwogopa nani? Mimi?”

Istahil akaniona kupitia kioo akanyoosha mkono, nao ukaanguka kabla haujafika. Kafia akamfungua mikanda, akambeba begani, akanirushia ufunguo wa gari. Haukufika mikononi mwangu, niliuokota chini.

“Mpelekee Gure. Mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia kwa niaba yako.”

Siwezi kuendesha gari. Nilitembea mpaka gereji nikiwa na ufunguo, nikamwambia mzee Gure mbele ya Dado, nimesimama, nikarudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Mzee aliondoa kofia yake akaiweka magotini. Akaniuliza, “Wewe umesoma mpaka wapi?” Nikamwambia diploma. “Na kijitabu hiki kilikuwa wapi?” Nikamwambia kwenye droo. Dado alikuwa amekwisha chukua ufunguo na kuondoka.

Alilileta gari, akafungua mlango wa nyuma, akaniita. “Karani! Njoo na karatasi zako. Zote.”

Nikamsomea kurasa kumi na nne. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya buti, na kila nilipomaliza ukurasa alisema, “Endelea.” Kwenye ukurasa wa kumi na moja akaniomba nirudie. Imeandikwa pale kwamba baadhi ya magari yamewekewa tundu la kishikizo tangu kiwandani, limezibwa kwa kifuniko. Akang’oa zulia la nyuma ya kiti cha abiria, akapapasa. Kulikuwa na kifuniko cha plastiki, kidogo kama kizibo cha soda. Akakibandua kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na tundu lenye nyuzi za bolti, katika chuma kinene cha fremu.

Alikwenda dukani akajaribu bolti mpaka akapata ile inayoingia sawasawa, akachagua kitanzi cha chuma kizito, akakaza. Ilichukua dakika ishirini. Kisha akafunga kamba pale, akaipeleka kwenye winchi ya lori, akavuta mpaka gari zima likasogea na matairi yake. Kitanzi hakikutikisika.

“Ingia,” akaniambia. “Shika. Tazama kwa macho yako.”

Nikaingia, nikashika.

Alikaa kwenye ukingo wa buti akijifuta mikono. Nilitegemea atukane. “Nilikucheka, ni kweli,” akasema. “Ile kazi pia ni yangu, nitakwenda kwa yule mama niseme. Lakini mimi nilikucheka siku moja tu. Wewe umenyamaza mwezi. Ungenipiga kelele, ningekasirika mpaka saa ya chai. Baada ya chai ningefungua hiyo kapeti.”

Nikamwambia nilimwogopa. Akanitazama, kweli ameshangaa.

“Mimi?” akasema. “Mimi ni wa kuogopwa na nani?”

Jumanne, 28 Mei

Dado amelipeleka gari kwa Kafia. Mzee Gure amemwagiza ang’oe ndoano zote za mbuzi katika kila gari litakaloingia, azikaze upya kwenye fremu. Kuhusu mimi amesema, “Nitakuambia.” Hajaniambia.

Jumatano, 29 Mei

Nimempigia Kafia mara moja. Simu iliita mpaka ikakatika. Sikupiga tena.

Alhamisi, 30 Mei

Walipita saa moja kasoro asubuhi. Nilikuwa nimesimama dirishani. Niliona kichwa cha Istahil kimesimama wima katikati ya kiti, na mkanda wa juu umenyooka nyuma yake. Kafia hakugeuza uso. Gari halikupunguza mwendo.

Nilifanya kazi. Magari matano, nimeingia uwanjani mara tano. Saa tatu, hakuna habari. Saa nne, hakuna. Najua njia ile ni mwendo wa saa ngapi, na nilizihesabu zote. Simu yangu ilikuwa mezani, uso juu.

Saa tano Dado alikuja dirishani, simu yake ikiwa bado sikioni, akaishusha.

“Wamefika,” akasema. “Mtoto hakuinama hata mara moja.”

“Amekwambia uniambie?”

Dado alitazama barabara, akafikiri. Nadhani alitaka kunidanganya, kwa wema.

“Hapana,” akasema. “Hakunituma. Nimekuja mwenyewe.”